Siku Baba Aliponong'ona

Mwaka jana, nikisubiri ndege katika uwanja wa Mwanza, niliwaona kupitia kioo vijana wa mizigo wakisukuma mikokoteni yao. Kila mmoja alikuwa amevaa masikioni vikombe viwili vyekundu vya plastiki vilivyounganishwa kwa upinde juu ya kichwa, vile vya kujikinga na kelele za injini. Nikaangua kicheko. Hakikuwa kicheko cha mtu mzima mwenye begi la kompyuta. Kilikuwa kile cha kwetu, kinachogeuza vichwa vya watu. Mama mmoja aliyeketi jirani yangu aliwahamisha watoto wake. Ningeweza kumweleza, lakini ingenilazimu kuanzia mbali, kwamba utoto wangu wote niliamini vikombe vile ni vazi la kanisani.

Acha niwaeleze ninyi basi, ambao hamna pa kuhamia.

Baba yangu, Mzee Masanja, alikuwa mkata miti. Najua mtauliza miti gani hiyo, Bariadi, mahali ambapo mtu akitaka kivuli hungoja wingu lipite. Kweli, kwetu kulikuwa na pamba, mawe na migunga. Lakini kila mwaka, pamba ikishauzwa, lori lilikuja kuwachukua yeye na wenzake likawavusha ng'ambo ya ziwa, kwenye msitu wa misindano, nao wakashinda huko kiangazi kizima wakiangusha miti kwa misumeno ya injini. Msumeno huo tuliuita "mashine" tu, kana kwamba duniani hakuna mashine nyingine. Alirudi mvua zikinukia, naye akinuka utomvu na petroli iliyochanganywa na oili, amebeba sukari na kitenge cha mama. Safari moja alikuja na vikombe.

Yeye na wenzake walikuwa wamepewa na bwana mmoja aliyefika msituni kuwaeleza kwamba mashine inaua masikio. Walimsikiliza kwa heshima, wakavipokea kwa mikono miwili, wakavifunga kwenye mifuko ya nailoni na kuvitunza. Kitu chekundu, kinachong'aa, ukivae msituni kikapate oili na unga wa mbao? Hiyo ilikuwa hoja ya kwanza. Hoja ya pili ilikuwa na akili zaidi: mti ukikaribia kuanguka hulia, unatoa mlio kama mlango wenye bawaba mbovu, na aliyeziba masikio hausikii. Kwa hiyo waliyaacha masikio wazi ili yausikie mti, na mashine ikayala polepole hadi yasiusikie mti wala kitu kingine.

Vikombe vilivaliwa Jumapili. Baba aliviweka shingoni, juu ya kola ya koti la suti, tukaenda kanisani tukimfuata kwa mstari kama vifaranga. Watoto wenzangu walidhani ni mtangazaji wa redio, nami sikuona sababu ya kuwasahihisha. Mzee wa kanisa alimpisha kiti cha mbele. Mahubiri hayakumfikia hata huko mbele, lakini alitikisa kichwa mahali pote panapostahili, kwa kuwatazama wanawake wa upande wa pili. Wao wakifuta machozi, naye alisikitika.

Nyumbani hatukuruhusiwa kusema kwamba Baba hasikii. Mwenyewe alishikilia kuwa watu wa siku hizi ndio wameharibika, wanazungumza kana kwamba wameweka kiazi cha moto mdomoni. Alikubali jambo moja tu: kwamba kuna nyenje ndani ya nyumba. Aliisikia ikilia bila kupumzika, na mchana kweupe tungemkuta juu ya kiti, kandambili mkononi, akipekua paa la nyasi.

"Hamuisikii?" alituuliza.

Tulimjibu kwamba hatuisikii. Akatutazama kwa huruma, akasema ni vizuri tupelekwe hospitali.

Kilichomuudhi mama ni kwamba ndama akilia zizini Baba alisikia, lori likipita barabarani alisikia, bali yeye akiita kutoka jikoni, hakuna kitu. Sauti nzito zilimwingia, nyembamba zilikatikia njiani. Leo najua ndivyo masikio ya watu wa mashine yanavyokufa, yanaanzia sauti za juu. Mama hakulijua hilo, na alikuwa na maelezo yake. "Ng'ombe anamsikia, mimi hanisikii," aliwaambia wenzake. "Hayo si masikio. Hiyo ni ndoa." Kisha alimgeukia na kumtolea methali usoni, kwamba sikio la kufa halisikii dawa, naye Baba alitabasamu na kumshukuru.

Matokeo yake ni kwamba nyumba yetu yote ilipiga kelele. (Naandika kwa Kiswahili, lakini kelele zenyewe zilikuwa za Kisukuma.) Tulipiga kelele kuomba chumvi, tulipiga kelele kusali. Siri hatukuwa nazo. Mama na Baba wakijadili jambo lao chumbani, jirani yetu Mama Kulwa alichangia kutoka ng'ambo ya ua wa minyaa, akimwita mama kwa jina la dada yangu mkubwa.

"Mama Kabula! Mwambie huyo mtamba asiuzwe!"

"Anasema tuuze!" mama alijibu.

"Basi mwambie mimi nimekataa!"

Siku ya kwanza shuleni mwalimu aliita jina langu, nikaitika kama tunavyoitika kwetu, naye akaangusha chaki. Tangu siku hiyo, ile rimu ya gari tuliyoitumia kama kengele ilipumzishwa mara nyingi, nikatumwa mimi. Chuo kikuu, miaka mingi baadaye, wenzangu wa chumba kimoja walikuwa wakiniwekea mto usoni nikianza kuota. Nadhani ndiyo sababu niliishia kuwa mwandishi. Karatasi peke yake ndiyo haijawahi kuniambia nipunguze sauti.

Sasa mtashangaa mtu kama huyo aliwezaje kuficha uziwi wake mbele ya watu. Jibu ni salamu. Anayefahamu salamu zetu anajua kwamba zina mpangilio wake, kama ngazi. Mwangaluka, mmeamkaje, watoto, ng'ombe, mvua, majirani, na kurudi tena. Mtu akishazijua hahitaji kusikia. Baba alipanda na kushuka ngazi ile pamoja na mgeni wake bila kukosea, na watu walimsifu kwa adabu. Tatizo lilitokea pale tu mtu alipoleta habari mpya katikati. Mzee mmoja alimwambia kuwa fisi wamemlia mbuzi, Baba akashukuru, "Wabeja, wabeja sana, na sisi vivyo hivyo."

Palipozidi salamu, palikuwa na dada yangu Kabula. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wetu, msichana mrefu, mpole, mwenye macho ya kuona jambo kabla halijafika. Alijenga mazoea ya kusimama nyuma ya kiti cha Baba kama anayesubiri kutumwa. Akimgusa bega la kulia, Baba alikubali. La kushoto, Baba alikataa. Akimvuta koti kidogo, Baba aliguna na kusema jambo hili linahitaji kufikiriwa. Kwa namna hiyo alipata sifa ya mtu mwenye busara, na walikuja hata watu wa mbali kumuomba ushauri, kumbe wanashauriwa na binti wa miaka kumi na tisa.

Halafu Kabula akapata mchumba.

Alikuwa fundi cherehani wa Mwamapalala, jina lake Sayi, kijana mwenye vidole vyembamba aliyewahi kumshonea Baba suruali ya suti iliyomkaa vizuri kuliko ngozi yake. Kabula alimpenda. Tulijua kwa sababu Mama alimuuliza, na Mama Kulwa akajibu kwa niaba yake. Wazee wa Sayi walikuja kuposa, Baba akatuma ujumbe kwamba ana mafua. Wakaja tena, wakakuta ameondoka alfajiri kwenda kumwona mgonjwa Migato, ambako hatukuwa na ndugu, mgonjwa wala mzima. Kabula alilia jikoni. Ng'ombe hawakuwa tatizo, upande ule ulikuwa tayari umekubali. Hakuna aliyejua Baba anataka nini. Msemaji wa upande wa pili, Mzee Luhende, babu yake Sayi, akatuma neno kwamba watakuja mara moja ya mwisho, na mlango ukifungwa tena watapeleka miguu yao kwingine, maana kijana hawezi kuozea mlangoni.

Sikufahamu wakati ule, lakini ninyi mmeshafahamu. Siku ya posa, binti anayeposwa haketi na wazee. Anafichwa ndani. Baba angeketi pale bila mabega yake. Tena watu wanaoomba mke, kwetu, huomba kwa unyenyekevu: sauti ya chini, macho chini, kidevu kifuani. Hawasikiki, na midomo yao haionekani. Ungetaka kumtungia kiziwi mtihani usingepata uliokamilika kuliko huo.

Walifika asubuhi, jua likiwa bado na adabu. Waliketi upande mmoja wa uwanja, kwenye kivuli cha ukuta. Wa kwetu waliketi upande wa pili, mbali kidogo, kama inavyotakiwa. Baba alikuwa katikati, amevaa suti na vikombe shingoni. Pembeni yake alikaa baba mdogo Shija, mdogo wake, aliyekuwa msemaji wetu. Sisi watoto tulikuwa jikoni na Mama na Kabula, tukichungulia kupitia matundu ya ukuta wa fito, tukigombania yaliyo makubwa.

Salamu zilikwenda vizuri ajabu. Baba alipanda ngazi yote na kushuka. Shija na Mzee Luhende wakazungushiana maneno, ya jembe lililopotea na mbegu iliyotafuta shamba. Kisha ikafika sehemu ambayo msemaji hasaidii. Baba wa binti lazima aulizwe mwenyewe na ajibu kwa kinywa chake. Mzee Luhende aliinamisha kichwa, akaliambia goti lake la kushoto swali ambalo hata sisi jikoni hatukulisikia.

Baba alikaa kimya.

Mzee Luhende aliuliza tena, chini zaidi, kwa kuwa aliona kimya kile ni hasira. Baba aliona midomo ya Shija ikimhimiza, akajua zamu ni yake. Akajaribu ngazi aliyoijua.

"Wabeja," alisema. "Na huko kwenu, mvua?"

Wageni walitazamana. Mmoja alianza kuokota fimbo yake. Jikoni, Kabula alikuwa ameuma upindo wa kanga. Shija akasimama haraka akaomba ruhusa ya kwenda pembeni, maana ni haki ya wenye binti kwenda faraghani kushauriana kabla ya kujibu, na wageni hungoja. Akamshika Baba mkono, akampeleka nyuma ya kihenge cha mtama, hatua chache tu, akamwambia jambo sikioni.

Kisha Baba akanong'ona.

Nimewahi kusikia treni, ndege, na harusi za Dar es Salaam. Sijasikia kitu kama mnong'ono wa mkata miti aliyetumia nusu ya maisha yake akizungumza juu ya mashine inayonguruma. Kuku waliruka. Ng'ombe zizini waliinua vichwa.

"Shija! Sema polepole, wasije wakatusikia!"

Shija bila shaka alikuwa akimfanyia ishara.

"Nitajibu nini? Sikusikia hata neno moja! Wanaongea na magoti yao!"

"Ee Mungu wangu," Mama alisema.

"Yule kijana? Yule kijana nampenda! Tazama suruali hii!" Nyuma ya kihenge tuliona kiwiko kikinyanyuka, pengine akionyesha pindo. "Lakini wakijua mimi ni kiziwi watasema wanaoa kwenye nyumba yenye kasoro! Na habari ikifika kwa wenye lori, siitwi tena msituni! Kwa hiyo nyamaza! Hii ni siri yangu na yako!"

Ng'ambo ya ua, Mama Kulwa, ambaye hakuwahi kukaa kimya hata kwenye msiba, hakusema kitu.

Kisha Baba aliteremsha sauti, yaani sasa ilifika barabarani tu badala ya kuvuka barabara. "Na Kabula akienda, Shija, nitajuaje watu wanasema nini? Nani atanigusa bega?"

Nilimtazama dada yangu. Machozi yalikuwa yakimtoka na mabega yalikuwa yakimtetemeka kwa kicheko, vyote kwa pamoja. Sikujua ni lipi nilifuate, nikafuata kucheka.

Nikarudi kwenye tundu langu kuwatazama wageni. Watu wanane walikuwa wamepatwa na shughuli. Mmoja alikuwa akikagua unyayo wa kiatu chake. Bibi mmoja aliusifia ukuta wetu, akiupapasa kama anayetaka kuununua. Mzee Luhende alikuwa akilitazama wingu moja dogo kwa makini ya mkulima, ingawa mvua zilikuwa zimeshakwisha na pamba ilikuwa bado shambani. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyekohoa. Baba alipotokea upande wa pili wa kihenge, amenyoosha koti, mwenye uso wa mtu aliyelinda siri yake, aliwakuta wamekaa vilevile alivyowaacha.

Mzee Luhende akasimama. Alichukua kigoda chake, akavuka uwanja wote, jambo ambalo muombaji halifanyi, akakiweka mbele ya Baba hadi magoti yakagusana. Akainua uso. Akafungua kinywa chote, na mzee yule mdogo kama panzi akatoa sauti iliyonifanya niachie tundu.

"Mzee Masanja! Utuwie radhi! Kwetu Mwamapalala, jambo la ndoa halisemwi chini! Hupigiwa kelele ili mizimu ya ukoo isikie! Ndiyo mila yetu!"

Wenzake walimtazama. Yule bibi wa ukutani ndiye aliyewahi kuelewa. "Ndiyo mila yetu!" alipaza, na wengine wakadakia.

"Kama ni mila," Baba alisema kwa upole, "siwezi kuikataa."

"Tunamwomba Kabula awe mke wa mjukuu wetu Sayi! Unatupa, hutupi?"

"Nawapa!" Baba alinguruma, akiwa na furaha ya mtu aliyeulizwa swali analolijua. "Nawapa, gete, kweli kabisa!"

Yaliyobaki ya posa ile yalifanywa kwa kelele. Waliulizana kwa kelele habari za koo, wakapanga kwa kelele siku ya kurudi, wakala michembe ya viazi vitamu wakisifiana kwa kelele. Mama Kulwa alijumuika. Watu wa Bariadi walisimama barabarani wakidhani ni ugomvi, wakasikia ni shukrani. Wakati mmoja, mzee mwingine wa wageni alipompazia Baba sauti sikioni kuhusu majani ya malisho, niliuona mkono wa Baba ukipanda kwenye vile vikombe vya shingoni, ukasita, ukarudi gotini. Adabu ilimzuia kuvivaa.

Jioni aliketi na Mama uwanjani, amechoka.

"Ni watu wazuri," alisema. "Kabula ataishi vizuri. Lakini, Mama Kabula, wana kelele!"

Kabula akaolewa. Kazi ya mabega tukairithi mimi na Mama, na kwa kuwa Mama alikuwa na msimamo wake juu ya mambo mengi, Baba akapoteza ile sifa ya busara akapata ya ukali. Msituni alikwenda misimu mingine, hadi siku mti ulipoangushwa nyuma yake, wenzake wakapiga kelele, naye hakugeuka. Ulimpitia kwa upana wa mlango. Alitusimulia kama kichekesho, akiigiza matawi kwa mikono yake. Mama hakucheka, na lori lilipokuja mwaka uliofuata lilimkuta amesimama barabarani. Sijui aliwaambia nini, ila liliondoka bila Baba. Aliyekuwepo ni Baba peke yake, naye hakusikia, na sisi tulikuwa shuleni.

Nami nikasoma. Chuo kikuu tulitakiwa kuandika juu ya mila za nyumbani kwetu, na mimi sikuhangaika kutafuta. Niliandika kurasa nyingi kuhusu Mwamapalala, ambako posa hufanywa kwa sauti kuu ili kuwashirikisha wahenga, tofauti na jamii zinazowazunguka. Niliweka maneno mazito. Mhadhiri aliandika pembeni kwamba nimegundua jambo. Niliuamini ugunduzi wangu kiasi kwamba, likizo ile, nilikwenda kwa Kabula kukusanya habari zaidi.

"Mila gani?" aliuliza. Alikuwa akitwanga.

"Ya kupiga kelele. Ili mizimu isikie."

Aliweka mchi chini. Akaketi kando ya kinu, akacheka hadi kitenge kikamfunguka.

"Sayi! Sayi njoo umsikie msomi wetu!" Akafuta macho. "Mdogo wangu, Babu Luhende ni mzee wa kanisa. Tangu lini ana shughuli na mizimu?"

"Lakini alisema..."

"Baba alinong'ona. Wao walisikia. Wewe ungetaka wafanyeje, wamjibu?"

Nilisema walau ningetaka mtu aniambie.

"Ulikuwepo," Kabula alisema, akachukua mchi wake. "Una masikio mazima mawili."

Nilikaa pale nikirudia siku ile yote kichwani, nikiwaona wale watu wanane na viatu vyao na wingu lao. Nikiwa mtoto nilikuwa nimeona wageni wasiosikia na mzee mwenye mila ya ajabu. Sikuwa nimeona watu wanane wakikubali kuwa viziwi kwa muda, ili mmoja asiwe kiziwi peke yake. Walivunja mila yao ya kweli, ile ya kuinamisha sauti, na mahali pake wakaweka ya uongo, hapo hapo, bila kushauriana.

Mwezi uliopita aliposwa binti mkubwa wa Kabula. Mimi ni mjomba, kwa hiyo nilikuwa na kiti. Wageni walikuwa wafanyabiashara wa samaki kutoka Nyashimo, watu wastaarabu, wakaanza kuomba kwa sauti ya chini, macho kwenye magoti. Kijana mmoja wa upande wetu, mtoto wa kaka yake Sayi, ambaye hakuwa amezaliwa wakati Baba ananong'ona, aliwakatisha.

"Samahani, wazee wetu! Huku kwetu posa hupigiwa kelele! Mizimu isikie!"

Na ukoo wote ukaitikia kwamba ndiyo mila, tangu mababu.

Nilijiandaa kusahihisha. Ndiyo kazi ya msomi, na nilikuwa na deni kwa mhadhiri wangu. Nilishafungua kinywa nilipomkumbuka Baba, ambaye tulimzika miaka michache iliyopita na ambaye, kama ipo mizimu inayohudhuria posa za wajukuu, lazima alikuwa ameketi nayo mahali fulani, akicheka wenzake wanapocheka, akisubiri mtu aseme kwa sauti.

Kwa hiyo nilijaza kifua, nikawakaribisha wageni. Watu wa Nyashimo walisogeza viti vyao nyuma kidogo.